Anza na Tasnifu: Mwongozo kwa Anayesomea Uzamili wa Masomo ya Kimataifa

Ukishasajiliwa utapewa orodha ya mambo unayopaswa kukamilisha kabla ya kutunukiwa shahada: kozi za lazima, kozi za kuchagua, idadi ya krediti, pengine mafunzo kwa vitendo, na chini kabisa tasnifu. Wengi huisoma orodha hiyo kama ilivyopangwa. Muhula wa kwanza wanachukua hizi, wa pili wanachukua zile, na suala la utafiti wanaliacha mpaka mitihani iishe. Nakushauri uanzie chini. Weka kidole kwenye mstari wa tasnifu, kisha panda juu, na kila kozi uiulize itakusaidia nini siku utakapokaa kuandika.

Nasema hivi kwa sababu wanaokwama katika uzamili huu mara nyingi hawakwami darasani. Wamefaulu kozi zote, hawana sapu hata moja, lakini hawana swali la utafiti, hawajawahi kumhoji mtu kwa utaratibu wa kitaaluma, na hawajui mwalimu yupi wa idara anaujua uwanja wanaoutaka. Mwaka unapita, wa pili unaanza, ada ya kuendelea kubaki kwenye daftari la wanafunzi inaongezeka, na kazini wanaulizwa kila mara wanamaliza lini. Haya yanazuilika kabisa kama mipango inaanza mapema.

Ujue unaingia programu ya namna gani

Masomo ya kimataifa ni uwanja mpana. Ndani yake kuna siasa za dunia, sheria ya kimataifa, uchumi na biashara, historia ya diplomasia, usalama na migogoro, na masomo ya kanda mbalimbali. Programu mbili zenye jina linalofanana zinaweza kuwa na uzito tofauti kabisa: moja inaelemea diplomasia, nyingine uchumi, nyingine amani na migogoro. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, kiliijenga programu yake juu ya msingi wa mafunzo ya wanadiplomasia yaliyoanza mwaka 1973, na mwaka 1990 ikaundwa Taasisi ya Diplomasia na Masomo ya Kimataifa. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, kilianzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, wakati ukombozi wa Kusini mwa Afrika ulikuwa bado unapiganiwa. Historia za namna hiyo huacha alama kwenye mitaala. Tazama majina ya kozi za lazima: tatu zikiwa za diplomasia na itifaki na moja tu ya uchumi, umeshajua unaandaliwa kuwa nani.

Kuhusu udahili sitakaa sana, maana kila chuo hutangaza vigezo vyake. Tanzania vyuo vingi huanzia GPA ya 2.7 ya shahada ya kwanza. Kenya kwa kawaida hutaka daraja la pili la juu, au la chini pamoja na uzoefu wa kazi. Aliye na GPA ndogo aulizie kama chuo kinakubali stashahada ya uzamili kuwa njia ya kuingilia, kwani vipo vinavyokubali. Kama shahada yako ya kwanza ilikuwa ya ualimu, uhandisi au uuguzi, usijitoe. Uliza kama kuna kozi za daraja ambazo utatakiwa kuzimaliza kwanza, na uliza kama zinahesabika kwenye krediti zako au ni za ziada. Swali hilo la pili husahaulika, na linagusa mfuko.

Piga hesabu ya saa

Nchini Tanzania, mfumo wa sifa za vyuo vikuu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, unataka shahada ya uzamili iwe na krediti zisizopungua 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Saa hizo ni za kila kitu: kukaa darasani, kusoma, kuandika insha, kujiandaa kwa mtihani na kufanya utafiti. Kwa hiyo unaahidi saa 1,800.

Zigawe. Anayesoma muda wote kwa saa 40 kwa wiki anahitaji wiki 45 za kazi bila kupumzika. Mfanyakazi anayesoma jioni, akimudu saa 20 kwa wiki, Jumamosi zikiwemo, anahitaji wiki 90. Ukiongeza likizo, misiba, safari za kikazi na mtoto kuugua, umevuka miaka miwili. Wapo wanaoingia programu ya jioni wakiwa na saa 8 za kusoma kwa wiki, kisha wanajilaumu kwamba hawana akili ya uzamili. Akili wanayo. Saa ndizo hazitoshi. Zungumza na mwajiri na familia kabla ya kulipa ada, na umwonyeshe kila mmoja hesabu hiyo kwenye karatasi.

Jambo jingine ni alama. Katika vyuo vingi alama ya kufaulu uzamili iko juu kuliko ya shahada ya kwanza, na ile C iliyokuvusha zamani huku inaweza kuhesabiwa umefeli. Soma kanuni za mitihani za chuo chako ujue sapu zinaruhusiwa ngapi, kozi inarudiwa mara ngapi, na ni wakati gani mtu anadisko. Kanuni hizo hazisomwi darasani, na hakuna atakayekuhurumia kwa kutozijua.

Kozi za lazima na kazi yake

Nadharia ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Mwanafunzi anafungua ukurasa anakutana na Hans Morgenthau, ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1948, na Kenneth Waltz, na mjadala mrefu kuhusu mizani ya nguvu kati ya mataifa makubwa. Anajiuliza haya yanamhusu nini yeye wa Tabora. Yanamhusu, kwa sababu tasnifu yako itadaiwa kiunzi cha nadharia, na mtahini atauliza kwa nini umechagua hicho ukaacha kile. Lakini usikubali kusoma upande mmoja tu. Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha Makerere, mwaka 1967 alichapisha kitabu chenye hoja kwamba Waafrika wenyewe ndio wenye haki na wajibu wa kulinda amani ya bara lao. Ukikisoma leo, majeshi ya kikanda yakiingia na kutoka mashariki ya Kongo, utaona alikuwa ameuliza mapema swali ambalo bado halijapata jibu. Walter Rodney alikuwa mwalimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilipotoka mwaka 1972. Samir Amin aliandika juu ya kitovu na pembezoni za uchumi wa dunia. Kama silabasi haina hata mmoja wa hawa, muulize mwalimu kwa heshima kama unaweza kuwatumia kwenye insha yako. Kwa kawaida atafurahi.

Sheria ya kimataifa inawatisha wasio wanasheria, na dawa yake ni kusoma hukumu yenyewe. Chukua ile ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 12 Oktoba 2021, kati ya Somalia na Kenya, kuhusu mpaka wa bahari. Kenya ilidai mpaka ufuate latitudo kuelekea mashariki, na kwamba Somalia ilikuwa imeukubali kwa miaka mingi ya kunyamaza. Mahakama ikaikataa hoja hiyo, ikaanza na mstari ulio umbali sawa kutoka pwani za pande mbili, kisha ikausogeza kidogo kwa kuangalia jinsi pwani ya eneo zima ilivyojipinda. Kenya ilijitoa kwenye usikilizwaji wa mdomo, na hukumu ilipotoka ikaikataa. Ndani ya kesi hiyo moja utajifunza Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, uzito wa ramani kama ushahidi, ukimya wa dola una maana gani, na tatizo zito kuliko yote: nani anaitekeleza hukumu dhidi ya nchi isiyoitaka. Ukisoma hukumu mbili kwa namna hii, kwa utulivu, utakuwa mbele ya aliyekariri muhtasari wa hukumu ishirini.

Uchumi wa kimataifa hauna njia ya mkato. Kama ulikimbia hesabu tangu sekondari, tafuta kitabu cha uchumi cha mwaka wa kwanza wa shahada na ukimalize kabla muhula haujafunguliwa. Angalau ujue ushuru hufanya nini kwa bei, urari wa malipo unasomwaje, na kushuka kwa shilingi kunamgusa nani.

Kisha kuna mbinu za utafiti, kozi ninayoona inadharauliwa kuliko zote. Huwekwa jioni, mahudhurio huwa hafifu, na wengi huipita kwa kukariri tofauti ya utafiti wa kitakwimu na usio wa kitakwimu. Hii ndiyo kozi ya kukaa viti vya mbele. Kila zoezi lake lifanye kwa mada ya tasnifu yako: ukiambiwa uandike mwongozo wa usaili, andika ule utakaoutumia kweli, ukiambiwa upitie maandiko, pitia ya mada yako. Mwisho wa kozi hiyo utakuwa na nusu ya pendekezo la utafiti mkononi, tena lililokwisha kusahihishwa na mwalimu.

Kuchagua kozi kwa kuangalia swali

Hapa nitatoa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo faida ya kuanzia chini inapoonekana.

Mapema Machi 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti, yakiwemo ya waagizaji kusajiliwa na mzigo kuwa na cheti cha kuonyesha kiwango cha sumukuvu. Mwezi Mei Rais Samia Suluhu Hassan akaenda Nairobi, na vikwazo vya biashara vikawa sehemu ya mazungumzo yake na Rais Uhuru Kenyatta. Tuseme jambo hili limekuvutia. Ukisema utaandika juu ya biashara katika Afrika Mashariki, huna tasnifu bado, una maktaba nzima. Lakini ukiuliza kwa nini mgogoro wa mahindi wa 2021 ulishughulikiwa kwa mazungumzo ya viongozi na haukuamuliwa na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha, una swali.

Sasa rudi kwenye orodha ya kozi za kuchagua. Kozi ya mashirika ya kikanda unaihitaji, kwa kuwa lazima uujue Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini mwaka 1999, Umoja wa Forodha ulioanza 2005 na Soko la Pamoja la 2010. Unahitaji pia kujua kwamba chini ya mkataba huo mkazi wa nchi mwanachama anaweza kwenda mahakamani mwenyewe, ila ndani ya miezi miwili tangu tendo analolilalamikia. Kifungu hicho peke yake kinaweza kukupa sura nzima: je, wafanyabiashara walijua? Walikuwa na uwezo wa kusubiri kesi huku mahindi yakiwa kwenye malori? Kozi ya uchumi wa kisiasa wa kimataifa unaihitaji ili ueleze nani alinufaika na zuio na nani aliumia. Kozi ya majadiliano na usuluhishi itakusaidia kuelewa mazungumzo ya Mei. Kozi ya ugaidi na usalama, hata kama mwalimu wake anasifiwa na marafiki zako wote wanakwenda huko, iache. Haiongezi kitu kwenye swali hili, na insha utakazoandika kule hazitakuwa sura za tasnifu.

Insha za muhula nazo zielekeze huko huko. Kwenye kozi ya mashirika ya kikanda andika kuhusu mamlaka ya mahakama ya Arusha, na kwenye uchumi wa kisiasa andika kuhusu viwango vya usalama wa chakula vinavyogeuka kuwa vikwazo vya biashara. Vyuo havikubali insha ileile iwasilishwe mara mbili, na programu kama Turnitin huinasa, kwa hiyo baadaye utaiandika upya. Usomaji wake utakuwa umekwisha kuufanya, na hilo ndilo linalokula miezi.

Swali la historia linakwenda kwa mtindo huohuo. Sera ya mambo ya nje ya Tanzania tangu uhuru ni mada ya vitabu vitatu. Uamuzi wa Tanzania kuitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, Aprili 1968, wakati serikali nyingi za Afrika zilisimama na Lagos, unatosha uzamili na unabaki na nafasi ya kupumua.

Sharti la lugha

Programu nyingi za Afrika Mashariki haziweki sharti la lugha ya kigeni, au huliweka kama kozi ya hiari. Mimi naliona ni pengo, na nakuomba ulizibe mwenyewe. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Anayetaka kuandika kuhusu Kongo au Burundi bila kusoma Kifaransa atategemea tafsiri za wengine, na atakayeandika kuhusu Msumbiji atakutana na Kireno. Miaka miwili ya uzamili inatosha kufikia kusoma gazeti na tamko la serikali kwa msaada wa kamusi, na kwa utafiti hicho ni kiwango cha maana. Kiswahili nacho ni mtaji: Umoja wa Afrika ulikiingiza mwaka 2022 miongoni mwa lugha zake za kazi. Ukifanya usaili kwa Kiswahili Goma, Bujumbura au Namanga, unafika mahali ambapo mtafiti mwenye Kiingereza pekee huhitaji mkalimani.

Ukienda kusoma Marekani, lugha mara nyingi ni sharti hasa. Shule zenye jina kama SAIS ya Johns Hopkins, iliyoanzishwa 1943, na Fletcher ya mwaka 1933 zimejengwa juu ya wazo kwamba mhitimu wa uwanja huu ajue zaidi ya lugha moja. Kabla ya kujisajili kwenye darasa la lugha mpya, uliza idara kama lugha yako ya kwanza inaweza kukutimizia sharti hilo. Huenda ukaokoa krediti za muhula mzima.

Na krediti zenyewe hazilingani. Ya Marekani ni takriban saa 45 za kazi kwa muhula, hivyo shahada ya krediti 36 ina saa kama 1,620, si mbali na zile 1,800 za TCU. Uingereza hutumia 180, krediti moja saa 10, na mara nyingi humaliza kwa miezi 12, jambo linalomaanisha kwamba tasnifu unaiandika kiangazi kimoja. Bara la Ulaya mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na moja ni saa 25 hadi 30. Anayekuambia programu ya krediti 36 ni nyepesi kuliko ya 180 hajazigeuza kuwa saa. Kabla ya kulipa ada ya chuo cha nje, hakikisha kimeidhinishwa katika nchi yake na kwamba shahada yake itatambuliwa na mamlaka ya nyumbani. Hasa ogopa programu za masafa zinazojitangaza kwa haraka mno.

Mafunzo kwa vitendo, kibali, na siku ya kutetea

Kama programu yako ina fildi, usisubiri ofisi ya chuo ikutafutie nafasi. Arusha kuna Sekretarieti ya Jumuiya na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Nairobi kuna ofisi kuu ya Umoja wa Mataifa barani, zikiwemo UNEP na UN-Habitat. Mafunzo ya Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa huwa hayalipwi, kwa hiyo tafuta kwanza pa kulala na nauli, kisha ndiyo uombe. Omba ukiwa bado mwanafunzi au ndani ya mwaka mmoja wa kuhitimu, maana baada ya hapo mlango huo unafungwa.

Msimamizi umtafute muhula wa kwanza. Soma alichoandika, kisha mwendee na ukurasa mmoja wenye swali lako, sababu ya kulichagua na vyanzo unavyovitarajia. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi humkumbuka aliyemletea ukurasa. Mkikubaliana, pangeni tarehe za kukutana na uziandike, na usimpelekee sura nne kwa mkupuo baada ya kimya cha miezi.

Kibali cha utafiti kiombe mapema kuliko unavyodhani kinahitajika. Kenya ni NACOSTI, Tanzania ni COSTECH pamoja na barua za chuo na za mkoa, na mtafiti wa mahindi atakayehoji watu pande zote mbili za Namanga anahitaji kujipanga kwa nchi zote mbili. Wizara na mabalozi hujibu barua polepole, na afisa aliyekuahidi usaili anaweza kuhamishwa kituo. Kwa hiyo andaa vyanzo vya maandishi vinavyoweza kubeba hoja hata usaili mmoja ukikosekana: taarifa za wakuu wa nchi, hukumu, Hansard, magazeti ya wiki husika.

Siku ya kutetea utaulizwa mambo matatu karibu kwa hakika: kwa nini swali hili, kwa nini mbinu hii, na umeongeza nini ambacho hakikuwepo. Jibu kila moja kwa dakika mbili, na ufanye mazoezi mbele ya mtu ambaye hasomi fani yako. Kisha utapewa masahihisho, hata kama umefanya vizuri sana. Yafanye wiki hiyohiyo ukiwa bado unakumbuka kila mtahini alisema nini, andaa jedwali la hoja zao na kurasa ulizozirekebisha, lipeleke kwa msimamizi atie saini, na uulizie idara kama kuna makala unayotakiwa kuwasilisha kwenye jarida kabla jina lako halijaingia kwenye orodha ya wahitimu. Vyuo kadhaa vya kanda hii sasa vinaidai, na wengi hulijua sharti hilo wakiwa wamekwisha kukodi joho.